Mti wa Persimoni wa Mama Devi na Chungu cha Mama Mkwe

Nyinyi vijana mnaopita hapa kwangu mkichungulia juu ya ua na kuchekana, karibuni ndani mnicheke kwa karibu. Ndiyo, nang'oa majani ya mti kwa mkono, moja moja, na mti wenyewe ni mzima kabisa. Hapana, sijarukwa na akili. Juzi mke wa mwanangu alimwambia jirani kwamba mzee sasa anachuma mboga kwenye mti usio wa mboga. Nilimsikia. Masikio yangu bado yapo, ni magoti tu yaliyokwisha.

Kaeni basi. Huyo achukue kigoda, na wewe ondoka kwenye miche yangu, yawa, umekanyaga sukuma!

Mimi nimefanya kazi ya bustani hapa Kisumu zaidi ya miaka thelathini. Nimepandia watu wa reli, nimepandia watu wa meli, nimepandia hata bwana mmoja aliyetaka waridi mahali ambapo kiboko alikuwa akipita kila wiki kutoka ziwani, na hakutaka kuambiwa. Lakini kazi yenyewe niliifundishwa na mti mmoja tu, wa persimoni. Hamuujui. Tunda lake lina rangi ya chungwa lililoiva, umbo kama nyanya nono, na juu lina kofia ya majani manne. Ukilila siku yake ni asali. Ukilila kabla ya siku yake, utakuja kunieleza, kama ulimi utakubali.

Niliingia kwa Bwana Gobind nikiwa kijana kutoka upande wa Otonglo, nina shati moja na uongo mmoja. Uongo ulikuwa kwamba najua bustani. Nilichojua ni mtama. Bwana Gobind alikuwa na duka la nguo pale bazaar, na nyuma ya duka nyumba yake na ua mpana. Alikuwa mtu wa haki, mkali, na kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ni pombe. Kila asubuhi alisimama langoni, sisi wafanyakazi tukajipanga, akatunusa midomo mmoja mmoja. Wapishi wawili walikwenda nyumbani kwa sababu ya pua ile. Mimi nilikuwa natafuna majani ya mpera kabla ya kufika, ingawa sikunywa, kwa hofu tu.

Mke wake tulimwita Mama Devi. Mwanamke mfupi, sauti ndogo, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe kwa sababu yeye alikuwa anasikiliza watu. Mama Devi alikuwa na kaka yake mmoja tu, na huyo kaka alikuwa anauza hariri huko Japani. Siku moja likaja sanduku. Limepanda meli mpaka Mombasa, limepanda treni mpaka Kisumu, limebebwa na mkokoteni mpaka mlangoni. Mama akalifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na fimbo mbili kavu, zimefungwa kwa nyasi zenye unyevunyevu.

Nilijiuliza kimoyomoyo, huyu mtu ametuma fimbo za kuchungia mbuzi kutoka Japani?

"Ni miti, Okech," Mama akaniambia. "Ya matunda. Kaka yangu anayala huko kila mwaka. Panda vizuri."

Nikaenda nayo nyuma. Nikafungua nyasi, nikaona mizizi. Vijana wangu, mizizi ilikuwa myeusi tititi, kama imetolewa motoni. Nikasema hii imeoza njiani, na mimi ndiye mtaalamu hapa, lazima niisaidie. Nikachukua panga nikaikata yote safi, mpaka fimbo ikabaki inang'aa kama mwiko. Nilikuwa nimeshika ya pili, nimeinua panga, Mama alipotokea. Sauti yake ile ndogo siku hiyo ilisikika mpaka gatini.

Basi andikeni hilo kichwani: mizizi ya persimoni ni myeusi tangu kuzaliwa. Ikiwa myeusi ni mizima. Mti wa kwanza niliopewa kuupanda katika kazi yangu niliuua kabla sijachimba shimo. Nilingoja kufukuzwa. Mama Devi alikaa chini kwenye ngazi, akaniuliza, "Wewe ulikuwa unafanya nini kabla ya hapa?"

"Mtama, Mama."

"Haya. Kuanzia leo tutajifunza pamoja."

Na ndivyo tulivyofanya. Kaka yake alikuwa anaandika barua, Mama anazisoma kwa lugha yao, kisha ananigeuzia kwa Kiswahili, mimi nimesimama na jembe. Usimwagie maji shinani, mwagia pembeni mahali mizizi inatafuta. Usivute tunda, kata kwa mkasi na uache kofia yake, ukiling'oa kofia tunda litaharibika bila kuiva. Mti mchanga ukizaa mengi punguza, usiuonee huruma. Haya nimeyafuata mpaka leo na hayajaniangusha.

Ila kulikuwa na jambo moja. Mti ule uliobaki ulikua, ukapita ukuta, ukawa na majani mapana yanayong'aa, mzuri wa kutazama. Matunda hakuna. Mwaka wa tatu hakuna, wa nne hakuna, wa tano ndio kabisa. Na biashara ya Bwana Gobind ilikuwa inakua pia. Majora ya nguo yalijaa dukani, yakajaa sebuleni, yakaingia chini ya kitanda. Bwana akataka kujenga ghala, na mahali pa ghala hapakuwa pengine ila pale pale penye mti.

"Hii mti nakula nafasi yangu bure," akawa anasema. "Iko kama mgeni. Nakaa, nakaa, hapana sema iko kuja kufanya nini."

Katika mwaka huo wa tano barua ziliacha kuja. Baadaye ikaja moja yenye mwandiko wa mtu mwingine. Kaka yake Mama Devi alikuwa amekufa kwa homa huko huko Japani. Mama hakunisomea barua ile. Aliitia kwenye kopo la biskuti pamoja na zile nyingine, na tangu siku hiyo kila asubuhi alitoka na kikombe chake cha chai akasimama karibu na mti mpaka chai inapoisha. Alikuwa hana kaburi la kuzuru wala kitu kingine kilichotoka mkononi mwa ndugu yake. Mimi nilijua, Bwana Gobind alijua, na hakuna aliyetamka.

Lakini majora nayo yalikuwa hayana pa kulala. Bwana akapata njia ya kusema bila kusema. "Diwali," akatangaza, ile sikukuu yao ya taa. "Mimi natoa nafasi mpaka Diwali. Kama iko tunda ya kula, mti nakaa. Kama hapana, kesho yake fundi nakuja na shoka."

Mama Devi aliingia ndani akatoka na kopo la biskuti, akasoma barua zote upya, mimi nasubiri. Kisha akainua uso. "Okech, huko kwake baridi inakuja, mti unamwaga majani yote, unalala. Ukiamka ndio unachanua. Huu wetu haujalala hata siku moja."

"Mama, baridi tutaitoa wapi? Hii ni Kisumu."

"Baridi hatuna. Lakini majani tunaweza kuyatoa."

Kwa hiyo tukaunyima maji miezi ile ya jua, na mvua ilipokaribia nikapanda ngazi nikaanza kung'oa. Siku mbili nzima! Watu waliokuwa wakitoka Dunga na vikapu vya samaki kichwani walisimama barabarani kunitazama. Mama mmoja akaita wenzake, "Njooni muone, Okech anamnyonyoa mti kama kuku!" Mwingine akasema mimi ni mchawi, jajuok, na akavuka upande wa pili wa barabara na samaki zake. Bwana Gobind alirudi kutoka dukani akakuta mti uchi. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe nafanya nini? Mimi nasema ngoja Diwali, wewe naua leo!"

"Naulaza, Bwana," nikamwambia.

"Nani nalala uchi hivyo?"

Wiki tatu hivi zikapita sikupata usingizi. Halafu siku moja asubuhi Mama aliniita kwa sauti ile ya siku ya panga, nikakimbia nikijua mambo yameharibika. Alikuwa ameshika tawi. Macho ya mti yalikuwa yamefumuka, na kati ya majani machanga kulikuwa na maua, madogo, ya rangi ya maziwa, yamejificha kama yanaona haya. Mimi na Mama tulirukaruka pale uani, mtu na bosi wake, mpaka kuku wakakimbia.

Ndio maana nang'oa majani. Mmeelewa sasa? Haya.

Matunda yakafunga ishirini na kitu. Mengine yakaanguka, ndiyo tabia yake. Kisha wakaja ndege wale wenye mikia mirefu, wanakula kama wamealikwa. Mama akashona vifuko, akalivalisha kila tunda nguo yake. Vitambaa alivitoa dukani bila kuuliza: vya maua, vya mistari, vingine vya mtindo uliokuwa bado haujafika hata Nairobi. Wanawake wakawa wanapitiliza duka wanakuja nyuma kuuliza, "Ile ya tawi la juu inauzwaje?" Bwana Gobind hakufurahi, ila nadhani aliuza.

Siku nane kabla ya Diwali tulikuwa na matunda manane, mazuri, ya rangi ya moto, magumu kama mpira. Bwana akaja mwenyewe na mkasi. "Leo mimi naonja." Mama hakuwepo, alikuwa ameenda hekaluni. Ningepaswa kusema kitu. Lakini mimi pia nilikuwa sijawahi kulila, na barua ya kula Mama alikuwa hajanigeuzia, kwa sababu nani alifikiri tutafika huko?

Akauma pande kubwa. Akatafuna mara moja, mara mbili. Halafu nikaona uso wake wote unakimbilia katikati. Mashavu yakaingia ndani, midomo ikajikunja, macho yakatoka. Mnaujua ukakasi wa ndizi mbichi? Zidisha mara kumi, kisha paka na vumbi. Akanywa maji, maji hayakusaidia. Akataka kunitukana, ulimi ukakataa, ikatoka "fff, fff" peke yake. Mwishowe akaonyesha kwa kidole: mti, kisha ardhi, kisha akakata hewa kwa kiganja. Nilimwelewa vizuri sana.

Mama aliporudi akasoma barua kwa haraka. Ilisema tunda liachwe mpaka lilainike kama uji, na inaweza kuchukua wiki nyingi. Tulikuwa na siku nane na matunda saba. Machozi yakamlengalenga. "Okech, hata nikimpa, hatalitia mdomoni tena."

Nami nikasema, "Mama, kwetu ndizi tunazifungia kwenye chungu. Nipe haya saba."

Niliyakata kwa mkasi, kofia zimebaki, nikaenda nayo nyumbani. Mke wangu Akinyi nikamwambia natafuta chungu kikubwa chenye shingo nyembamba. Chetu kilikuwa na ufa. Akaenda kwao, akarudi na chungu cha mama yake, cheusi, kizito, kina harufu ya ajabu kidogo. Akasema, "Mama anasema mkitumie lakini msikioshe kabisa, kitaharibika."

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Kwetu Waluo mama mkwe, maro, si mtu wa mchezo. Hamkutani uso kwa uso. Ukimwona anakuja njiani unaingia porini, uwe na shughuli huko au usiwe nayo. Huingii jikoni kwake, na hata ukipigwa fimbo humuulizi habari za vyungu vyake. Akinyi naye alisema hajui, au alijifanya hajui, sijui. Kwa hiyo nikakaa na swali langu kooni. Nikapanga matunda ndani, nikafunika kwa majani ya mgomba, nikaziba kwa udongo, nikakipeleka uani kwa Bwana Gobind nikakiweka kivulini nyuma ya pipa la maji. Siku saba sikukigusa.

Siku ya Diwali ua ulipambwa taa ndogo za udongo na wageni wakaja, wazee wa bazaar watupu, wamekaa kwenye mkeka na sahani za vitamu. Fundi naye alikuwa ameshaitwa kwa kesho. Jioni mapema, jua bado lipo, Bwana akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Okech, lete ile sumu yako."

Nikapasua udongo mbele yao. Ikatoka harufu nzito, tamu, ya kuchoma pua. "Ni ya chungu," nikasema, na sikudanganya. Nikatoa matunda. Yawa! Bado magumu! Tumekwisha, nikajua tumekwisha.

Mama Devi akachukua kisu akakata kipande, akakitia mdomoni. Wote tunamtazama. Akatafuna polepole. Hakukunja uso. Akameza, kisha machozi yakamtoka mbele ya wageni wote, na huku analia anacheka.

"Ndivyo alivyoandika," akasema. "Ndivyo hivi hivi."

Wageni wakanyoosha mikono. Likawa limeisha la kwanza, la pili, la tatu. Tamu, gumu kidogo, ukakasi hata wa dawa haupo. Bwana Gobind alikuwa wa mwisho. Akagusisha kipande kwenye ncha ya ulimi, akangoja ulimi uharibike. Haukuharibika. Akala kipande. Akala tunda zima. Akamega na la jirani yake.

Hapo ndipo ikasikika sauti kwenye lango la nyuma. "Hodi!"

Nilijua sauti ile. Nikaruka nyuma ya pipa la maji nikachuchumaa. Maro naye alikuwa ameniona, amegeuka haraka, ametupa mgongo, leso kichwani mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa hatua kumi, kila mtu anatazama upande wake.

"Mama," akamwambia Mama Devi, huku anaongea na ukuta, "mwambie huyo mume wa Akinyi nataka chungu yangu."

"Okech," Mama akasema kwa heshima zote, "mama anataka chungu chake."

"Mwambie mama kiko salama," nikasema ndani ya magoti yangu.

"Anasema kiko salama."

"Mwambie kesho nina watu wa matanga. Nataka kutia ile kali."

Bwana Gobind akainua kichwa. "Kali gani?"

Maro alikuwa mwanamke wa kujivunia kazi yake. "Pombe, Bwana! Ile ya moto. Hiyo chungu imeshika pombe yangu miaka mingi sana, udongo wenyewe umelewa. Ndio nilikataza wasioshe."

Hakuna aliyepumua. Kisha mzee mmoja akapumua, polepole, kwenye kiganja chake, akanusa. Wenzake wakafanya hivyo hivyo. Bwana Gobind, pua ile ile ya langoni, akajinusa mwenyewe.

Siku hizi najua ilivyokuwa. Tunda la persimoni likikaa na mvuke wa pombe ukakasi unaondoka, na lenyewe linabaki gumu. Likikaa na ndizi mbivu linalainika. Lakini siku ile nilijua kitu kimoja tu, kwamba shoka halitangoja kesho.

"Okech. Wewe najua hii?"

"Bwana, ningejuaje? Huyo ni mama mkwe wangu. Siwezi kumuuliza."

"Mwambie Bwana ni kweli," maro akauambia ukuta. "Hawezi kuniuliza."

"Kwa nini hapana uliza? Mdomo iko!"

Mzee yule wa kwanza kujinusa, mwenye ndevu nyeupe, akakohoa. "Gobind, ngoja," akasema. "Mke ya mtoto yangu iko nyumbani kwangu miaka tisa. Mimi hapana ona uso yake hata siku moja. Naongea naye kupitia mlango. Kama yeye natia kitu kwa chakula, mimi nauliza vipi?"

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema ni kweli kabisa. Mwingine akasema tena mama mkwe ndiye mbaya zaidi. Ikawa mazungumzo ya wakwe, na Bwana Gobind amekaa katikati yao, mbele yake sahani, na kwenye sahani kipande kimoja kilichobaki. Alikitazama. Akamtazama Mama Devi, ambaye alikuwa ameshika kofia ya tunda, ile ya majani manne, ameifumbata mkononi. Akakichukua kile kipande akakila.

Kesho yake fundi alikuja mapema na vigingi vyake na kamba. Akapima ghala, akavuta kamba, na kamba ikapita katikati ya shina la mti sawasawa. Akashika shoka, akamtazama Bwana. Mama Devi alikuwa amesimama palepale na kikombe cha chai, hakusogea. Bwana Gobind akaenda, akainama, akang'oa kigingi kwa mkono wake mwenyewe, akazunguka mti, akakichomeka upande wa pili.

"Bwana," fundi akasema, "hivyo ukuta utapinda."

"Pinda tu."

Ukuta ukapinda.